Fimbo ya enzi iliyogeuzwa juu chini: uzi kuhusu picha rasmi za wafalme na namna zinavyojenga mamlaka

MLETA UZI

Wanajukwaa, salaam.

Katika uzi mmoja wa hapa jukwaani kuhusu makumbusho ya Ulaya, wachangiaji kadhaa walilalamika kwamba picha za wafalme zilizochorwa kwa rangi ya mafuta zinachosha kwa kuwa zote zinafanana: mtu amesimama au amekaa, amevaa joho, nyuma yake pana nguzo na pazia, na uso wake hausemi lolote. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini naona yanaishia pale ambapo habari yenyewe inaanzia. Picha hizo zilikuwa vyombo vya utawala sawa na mihuri, sarafu na hati za kifalme, na kufanana kwake kulitafutwa kwa makusudi. Naomba nieleze kwa mifano michache, nikianza na picha ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona mahali fulani, hata kama hamkulijua jina la mchoraji.

Ni picha ya Louis XIV wa Ufaransa, iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, na sasa imo katika jumba la Louvre mjini Paris. Ina kimo cha sentimita 277 na upana wa sentimita 194, kwa hiyo mfalme aliyemo ndani yake analingana na mtu halisi, na kwa kuwa picha ya aina hii hutundikwa juu, macho ya mtazamaji hukutana kwanza na viatu na miguu ya mfalme kabla hayajapanda kuufikia uso. Anayetaka kumtazama mfalme machoni hana budi kuinua kichwa, na akishainua anakuta kwamba mfalme anamtazama yeye kutoka juu, bila tabasamu na bila hasira.

Tuitazame polepole. Joho ni la kutawazwa. Upande wa nje ni mahameli ya buluu iliyotariziwa maua ya yungiyungi ya dhahabu, alama ya wafalme wa Ufaransa, na bitana yake ni manyoya meupe ya ermini, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, yenye vidoa vyeusi vilivyotawanywa kote. Mfalme amelirudisha joho nyuma ya bega ili bitana hiyo ya thamani ionekane, na pia ili tuione miguu yake iliyovikwa soksi ndefu za hariri na viatu vya visigino vyekundu, ambavyo huko katika kasri la Versailles vilikuwa pambo la wakubwa wa baraza. Kiunoni umening'inia upanga uitwao Joyeuse, ambao kwa mapokeo ya Wafaransa ulikuwa wa Charlemagne, mfalme mashuhuri wa kale. Mkono wa kushoto umekaa kiunoni kwa mikogo. Mkono wa kulia unaegemea fimbo ya enzi, na hapa ndipo lilipo jambo ninalolipenda kuliko yote katika picha hii: fimbo imegeuzwa juu chini. Ncha yenye ua, ambayo siku ya kutawazwa huelekezwa mbinguni, imekitwa kwenye mto ulipowekwa taji, na mfalme ameishika kama mzee anayeegemea bakora yake barazani. Mtu aliyekabidhiwa fimbo hiyo jana angeishika kwa mikono miwili na kwa hofu ya kuiangusha, lakini huyu anaishika kwa mazoea ya mtu ambaye hakumbuki siku ambayo haikuwa yake. Mazoea hayo yanatangaza mamlaka kwa sauti kubwa kuliko taji lenyewe, ambalo limewekwa pembeni, nusu gizani.

Kando ya taji imelazwa fimbo ya pili, ile yenye kiganja cha pembe ya ndovu kwenye ncha yake, ambayo Wafaransa huiita mkono wa haki. Chini ya nguzo, ukitazama kwa makini, amechongwa mwanamke mwenye mizani. Pazia jekundu lililokunjwakunjwa juu linafanya chumba kizima kionekane kama jukwaa ambalo limefunguliwa kwa ajili yako kwa muda mfupi tu.

Sasa tazameni mwili. Louis alizaliwa Septemba 1638, kwa hiyo mwaka 1701 alikuwa mzee wa miaka 62 akielekea 63, jongo lilikuwa likimsumbua, na alikwisha kupoteza meno mengi. Rigaud hakulificha hilo usoni, maana mashavu yamebonyea, mdomo umeingia ndani na ngozi ya chini ya kidevu imelegea. Miguu, hata hivyo, ni ya kijana, tena imepangwa kwa mkao wa mcheza dansi. Mfalme huyu kweli aliwahi kucheza dansi mbele ya baraza lake: mwaka 1653, akiwa na umri wa miaka 14, alitokea jukwaani amevaa mavazi ya jua. Kichwa cha mzee kimewekwa juu ya miguu ya kijana, na kuna sababu ya kifundi iliyorahisisha jambo hilo. Uso ulichorwa kwenye kipande kidogo cha turubai, kisha kipande hicho kikaunganishwa na turubai kubwa ambamo mwili, joho, nguzo na pazia vilichorwa karakanani. Rigaud alikuwa na wasaidizi waliogawana kazi, huyu akishughulikia vitambaa, yule mandhari ya nyuma. Mfalme alitoa uso wake, na sehemu nyingine zote za ufalme zikatengenezwa na mafundi.

Wanasheria wa Uingereza wa karne ya 16 walikuwa na msemo kwamba mfalme ana miili miwili: mmoja wa asili, unaougua, unaozeeka na kufa, na mwingine wa dola, usioonekana, usiokosea wala kufa. Picha ya Rigaud ni jaribio la kuichora miili yote miwili katika fremu moja, na mpaka kati ya miili hiyo unapita shingoni.

Kwa nini ichorwe mwaka huo? Novemba 1700 mfalme wa Hispania, Charles II, alifariki bila mtoto na akaacha wosia uliompa kiti chake Philippe, mjukuu wa Louis, ambaye akawa Felipe V. Picha ya babu ilikusudiwa kupelekwa Madrid kama zawadi kwa mjukuu, na Rigaud alimchora pia mjukuu huyo akiwa katika mavazi meusi ya Kihispania. Louis alipoiona picha yake ilivyotoka, aliipenda mno akabaki nayo, akaagiza itengenezwe nakala. Wakati huo huo nusu ya Ulaya ilikuwa inajiandaa kupigana kuhusu urithi huo, na vita vyake viliendelea hadi mwaka 1714. Louis alitawazwa Reims mwaka 1654, yaani miaka 47 kabla ya picha, na hapakuwa na sherehe yoyote mwaka 1701 iliyomlazimu kulivaa tena joho lile. Alilivaa kwa sababu mamlaka ya ukoo wake yalikuwa yanabishaniwa. Hapa ndipo ninapojenga hoja yangu kuu, ambayo nitaomba mnipinge kama mna sababu: katika picha za aina hii, alama za enzi huongezeka pale ambapo enzi yenyewe ina wasiwasi, na hupungua pale ambapo mwenye enzi haoni sababu ya kujieleza.

HOJA KWANZA

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa utulivu na maelezo yako ni mazuri. Hata hivyo, bado sioni tofauti kati ya haya yote na kujipendekeza. Mchoraji alilipwa, mteja alikuwa mfalme, akamrembea miguu yake ya kizee. Kwa lugha ya siku hizi tungeuita uchawa na tukafunga mjadala. Kwa nini tulipe jambo la kawaida kiasi hiki heshima ya nadharia ya miili miwili?

MLETA UZI

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na sikatai kwamba kujipendekeza kulikuwapo. Ila kujipendekeza kunaeleza sehemu ndogo tu, kwa sababu anayejipendekeza huficha kasoro, ilhali wachoraji wakubwa wa wafalme mara kadhaa waliichukua kasoro wakaifanya silaha.

Mchukue Henry VIII wa Uingereza. Mwaka 1537 Hans Holbein, Mjerumani aliyekuwa akimfanyia kazi, alimchora ukutani katika kasri la Whitehall pamoja na baba yake Henry VII, mama yake Elizabeth wa York na mke wake wa tatu, Jane Seymour. Mfalme alikuwa na umri wa miaka 45 hivi. Januari ya mwaka uliotangulia alianguka vibaya na farasi katika mashindano ya mikuki, na mwili wake ulikuwa umeanza kunenepa. Alikuwa amekwisha kujitenga na Papa, na majimbo ya kaskazini yalikuwa yametoka tu katika uasi mkubwa. Chawa angempunguza unene. Holbein aliuongeza! Mabega yamepanuliwa kwa nguo zilizojazwa pamba hadi mfalme anakaribia kuwa mraba, miguu imetanuliwa na kukanyaga chini kwa nguvu, ngumi moja imeshika glovu na nyingine iko karibu na jambia. Hana taji wala fimbo ya enzi, na hazihitaji, kwa kuwa mwili wenyewe umekwisha kuziba njia na mtazamaji hana pa kupita.

Mchoro ule wa ukutani uliteketea katika moto wa Whitehall mwaka 1698, lakini tunayo mambo mawili ya kutuongoza: nakala ndogo iliyochorwa na Remigius van Leemput mwaka 1667, na nusu ya kushoto ya karatasi ya maandalizi ya Holbein mwenyewe, ambayo imo katika jumba la National Portrait Gallery, London. Karatasi hiyo ina ukubwa wa mtu halisi, imeunganishwa kutoka vipande vingi, na kwenye mistari yake imetobolewa vitundu vya sindano ambavyo vumbi la mkaa lilipitishwa ili mchoro uhamie ukutani. Katika karatasi hiyo kichwa cha mfalme kimegeuzwa kidogo upande, kama ilivyokuwa desturi ya picha za watu wenye adabu. Katika nakala ya mchoro uliokamilika kichwa kinatazama mbele moja kwa moja. Kwa hiyo, kati ya karatasi na ukuta, mtu fulani aliamua kwamba mfalme amkabili mgeni uso kwa uso. Mwandishi Karel van Mander aliandika mwaka 1604 kwamba waliosimama mbele ya mchoro ule walijiona wadogo na kufadhaika. Hayo hayapatikani kwa kumremba mteja, na mchoraji aliyeyapata alikuwa anajua hasa alichotumwa kufanya.

Tena, katikati ya mchoro paliandikwa mashairi ya Kilatini yaliyouliza ni nani mkubwa zaidi, baba au mwana, na jibu likaelekea kwa mwana, kwa kuwa kiburi cha mapapa kilimwachia njia. Picha, kwa maana hiyo, ilikuwa tamko la kisiasa lenye maneno yake kabisa.

KALAMU NYEUSI

Mleta uzi, kama Henry hana taji, na wewe umesema alama hupungua pale ambapo mwenye enzi hana wasiwasi, basi Henry anakupinga. Alikuwa na wasiwasi kuliko wote: uasi, Papa, na hana mrithi wa kiume. Utalisawazishaje hilo?

MLETA UZI

Umenibana vizuri, na Edward, mwanawe wa kiume, kweli alizaliwa Oktoba 1537, kwa hiyo mchoro huenda ulianza wakati mrithi bado anasubiriwa. Jibu langu ni kwamba Holbein alihamisha mzigo wa alama kutoka vitu kwenda kwenye mwili. Misuli, upana, kifuko kilichotuna mbele ya suruali (ambacho mavazi ya wakati ule yaliruhusu na Holbein akakipa nafasi ya katikati), vyote hivyo vinapiga kelele. Mchoro ule una madaha mengi kama ya Rigaud, ila yamevikwa nyama.

Anayenyamaza kweli ni mfalme wa Hispania. Felipe IV, aliyechorwa na Diego Velázquez mwaka 1623 na ambaye picha yake imo katika jumba la Prado, Madrid, amesimama amevaa nguo nyeusi tupu katika chumba kisicho na pambo. Hakuna pazia, hakuna nguzo, hakuna taji. Mkono mmoja umeshika karatasi iliyokunjwa, mwingine uko karibu na mpini wa upanga, na juu ya meza pana kofia. Shingoni amevaa ukosi mweupe mkavu badala ya ule mkubwa wa kukunjwakunjwa, kwa kuwa mwaka huo huo wa 1623 yeye mwenyewe alipiga marufuku ukosi mkubwa ili kupunguza anasa. Anayepita asiyejua anaweza kumdhania karani. Lakini mtu huyo alikuwa akitawala milki zilizoenea hadi Amerika na Ufilipino, na kila aliyeruhusiwa kuingia katika kasri lake alilijua hilo kabla ya kuiona picha. Karatasi inasema kwamba watu humwandikia maombi naye huamua. Upanga unasema kwamba anaweza kulinda. Hakukuwa na haja ya kuongeza neno.

Kuna jambo la karibu zaidi katika picha hiyo ambalo huonekana kwa macho matupu ukisimama mbele yake, na picha za mionzi zimelithibitisha. Velázquez aliirudia miaka michache baadaye. Mwanzoni miguu ilikuwa imeachana zaidi na joho limetanuka, kisha akaisogeza miguu karibu na kulipunguza joho, na kivuli cha mistari ya zamani bado kinachungulia chini ya rangi. Holbein alitanua, Velázquez akabana. Kwangu mimi, hakuna picha ya kifalme yenye nguvu kuliko hiyo ya pili, na najua wengi hapa watampendelea Rigaud.

MTU WA PWANI

Shikamooni wakubwa. Nauliza kwa faida ya wengi: kwa upande wetu wa pwani mbona hatusikii picha za namna hii za watawala wa zamani? Babu zetu wa Pate na Lamu walikuwa na wafalme pia.

MLETA UZI

Marahaba, na ahsante kwa swali. Nitajibu kwa ufupi ili tusiiache mada ya uzi huu. Katika miji ya pwani enzi ilikaa katika vyombo na sauti zaidi kuliko katika sura ya mtu. Siwa (baragumu kubwa la enzi) ya Pate, ya pembe za ndovu, na siwa ya Lamu, ya shaba, ambazo leo zinahifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, zilipigwa katika shughuli za watu wakubwa, na aliyekuwa na siwa alikuwa na haki ya mji. Mtawala hakuhitaji kuchorwa, maana alisikika. Desturi ya kumweka mtawala ukutani ilikuja baadaye. Picha ya Seyyid Said bin Sultan inayonasibishwa na afisa wa Kiingereza, Luteni Lynch, imo Salem, Marekani, mji ambao wafanyabiashara wake walikuwa wakifika Unguja kwa wingi zama zake, na picha za masultani waliomfuata zimewahi kuonyeshwa katika makumbusho ya kasri pale Forodhani, Unguja. Tazameni katika hizo jinsi jambia na kilemba zinavyofanya kazi ambayo upanga na taji zinafanya kwa Rigaud. Ila mwenye uzi wa siwa afungue wake, nitachangia.

BINTI WA HISTORIA

Hongera kwa uzi. Mifano yote hadi sasa ni ya wanaume wenye mapanga na misuli. Mtawala mwanamke, ambaye watu wa zama hizo hawakutarajia awe na upanga, alichorwaje?

MLETA UZI

Dada, umenigusa mahali ambapo mambo ni mengi kuliko nafasi. Elizabeth I, binti wa yule yule Henry, hakuweza kutanua miguu. Wachoraji wake walimtafutia mwili mwingine, wakaujenga kwa nguo. Katika picha iliyochorwa baada ya kushindwa kwa meli za Hispania mwaka 1588, ambayo iko katika nakala zaidi ya moja, mikono ya nguo yake na sketi vimetanuka hadi vinajaza turubai nzima, lulu zimetapakaa kifuani na kwenye nywele, na mkono wake wa kulia umelala juu ya tufe la dunia, vidole vikiwa upande wa Amerika. Nyuma yake madirisha mawili yanaonyesha bahari: upande mmoja meli zinakabiliana, upande mwingine za adui zinavunjika katika dhoruba. Katika picha ya Ditchley ya mwaka 1592 hivi, kazi ya Marcus Gheeraerts mdogo, anasimama juu ya ramani ya Uingereza yenyewe, viatu vyake vikiwa katika jimbo la Oxfordshire, kwa mwenyeji wake Sir Henry Lee aliyeiagiza picha hiyo.

Na uso? Uso ulitunzwa kwa amri. Mwaka 1563 serikali yake iliandaa rasimu ya tangazo la kuzuia watu kumchora ovyo hadi mchoraji mahiri atengeneze sura moja ya kuigwa, na mwaka 1596 baraza lake liliagiza picha zilizomchukiza zitafutwe na kuharibiwa. Wachoraji walipeana vielelezo vya uso wake. Ndiyo maana katika picha ya Hatfield House ya karibu mwaka 1600, alipokuwa na miaka kama 67, anaonekana msichana, na joho lake limechorwa macho na masikio, kumaanisha kwamba anaona na kusikia yote. Nadhani Hoja Kwanza atasema huu ni uchawa, na safari hii nitakubali kiasi. Lakini malkia asiye na mtoto, ambaye kila mtu anauliza nani atamrithi, alikuwa na sababu ya kiserikali ya kutozeeka mbele ya raia.

HOJA KWANZA

Nakubali kwa shingo upande. Lakini picha moja katika kasri moja inamtawala nani? Mkulima wa Yorkshire au wa Burgundy hakuiona kamwe.

MLETA UZI

Ndiyo maana nakala ni muhimu kama picha ya kwanza. George III wa Uingereza alipotawazwa Septemba 1761, Allan Ramsay alimchora katika joho la kutawazwa la rangi ya dhahabu lenye bitana ya ermini, na kwa miaka mingi baada ya hapo karakana ya Ramsay ikawa kiwanda cha kuirudia picha hiyo, zaidi ya nakala mia moja, kwa ajili ya mabalozi, magavana wa makoloni na wakuu wengine. Balozi alipopokea wageni chini ya picha hiyo, alikuwa anapokea chini ya macho ya mfalme. Yeyote aliyewahi kuingia katika ofisi ya serikali huku kwetu akaikuta picha ya Rais juu ya kiti cha mkuu wa ofisi anaielewa kazi hii bila kufundishwa. Kwa mkulima palikuwa na sarafu. Bibi na babu zetu waliotumia shilingi ya Afrika Mashariki walimbeba mfukoni George V, akiwa na taji, bila kuingia kasri la Buckingham hata siku moja.

KALAMU NYEUSI

Naomba mfano wa picha iliyoshindwa. Kila uliyoitaja imefaulu.

MLETA UZI

Napoleon wa Ingres. Napoleon alijitawaza Desemba 1804, hakuwa na ukoo wa kifalme nyuma yake, na mwaka 1806 kijana Jean-Auguste-Dominique Ingres alionyesha picha yake akiwa juu ya kiti cha enzi. Kila kitu kimo: fimbo ya Charlemagne, mkono wa haki, shada la dhahabu kichwani, joho lenye nyuki mahali pa yungiyungi za wafalme waliopinduliwa, tai kwenye zulia. Anatazama mbele kabisa, ameganda, kwa mkao ambao watazamaji waliofahamu picha za altare waliuhusisha na Mungu Baba wa Jan van Eyck, picha ambayo wakati huo ilikuwa Paris kama nyara ya vita kutoka Ghent. Wahakiki waliikejeli, wakasema ni ya kizamani na haina uhai. Mimi naiona ni picha ya ajabu kwa mchoraji, lakini kwa mfalme ni hasara, kwa sababu kila alama iliyoongezwa inamkumbusha mtazamaji kwamba haikuwapo juzi. Ilinganisheni na fimbo ya Louis iliyogeuzwa juu chini mtaona tofauti ya aliyerithi na aliyechukua.

Mwaka 1840 mwandishi Mwingereza, Thackeray, alichora kejeli yake kuhusu Louis wa Rigaud kwa vielelezo vitatu: joho, wigi na viatu vimesimama vyenyewe bila mtu, kizee kifupi chenye upara, halafu viwili hivyo vikiunganishwa anapatikana mfalme. Alidhani anaubomoa ufalme, na kumbe alikuwa anaeleza jinsi picha ilivyotengenezwa.

Kuna mfano mwingine usio wa kejeli. Anthony van Dyck alimchora Charles I wa Uingereza, mtu mfupi wa kimo, akiwa juu ya farasi mweupe chini ya tao, mwaka 1633, na akatuweka sisi watazamaji chini ili ufupi usionekane. Charles alikatwa kichwa Januari 1649. Miaka michache baadaye Pierre Lombart alichonga bamba la shaba lililofuata mkao ule ule wa mpanda farasi, na kichwa alichoweka ni cha Oliver Cromwell. Baadaye bamba hilo hilo likabadilishwa kichwa mara kadhaa, likawa na cha Louis XIV, likawa na cha Charles mwenyewe, na zipo chapa zake ambazo mahali pa kichwa pako patupu. Farasi, mkono ulioshika fimbo ya amri na mavazi vilibaki karibu vilevile.

BINTI WA HISTORIA

Na ile nyekundu ya Charles III iliyozua kelele mitandaoni? Haina nguzo, haina joho, karibu haina hata mwili.

MLETA UZI

Ile ya Jonathan Yeo, iliyozinduliwa Buckingham Mei 2024. Wengi waliicheka, mimi naiheshimu. Mfalme amevaa sare ya kijeshi ya kikosi cha Welsh Guards, lakini sare, medali na upanga vyote vinazama katika rangi nyekundu, na kinachobaki wazi ni uso wa mzee na kipepeo begani. Rigaud aliukamilisha mwili wa dola, Yeo ameuacha uyeyuke, jambo linaloeleweka kwa mfalme ambaye hatoi amri yoyote bila mawaziri. Ila msidhani desturi ya zamani imeachwa kabisa. Picha iliagizwa na chama cha kale cha wafanyabiashara wa London, Drapers' Company, ili itundikwe katika ukumbi wao pamoja na picha za wafalme waliotangulia, na ukubwa wake, kama futi 8.5 kwa 6.5 pamoja na fremu, ulipimwa kufuatana na kuta za ukumbi huo.